Baba Niliyemuua Kwenye Fomu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Chekeni kwanza, mkimaliza mniskize.

Kazi niliyoacha haina pensheni. Miaka tisa nilikuwa kwa saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kitengela, meza ya pili kutoka mlangoni, chini ya feni ambayo sikuwahi kuiona ikizunguka, nikiwajazia watoto wa watu fomu za kutafuta ufadhili wa chuo. Siku hizi nauza maharagwe na mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Nikipunja kipimo mteja ananiambia papo hapo, tena kwa sauti. Kule nilikuwa napima watoto, na nilipokosea hakuna aliyeniambia mpaka mlango ulipofungwa.

Nawaandikia nyinyi mnaongoja matokeo ya kidato cha nne, na zaidi wewe ambaye walimu wote wamekuambia uko na kichwa. Wewe ndiye uko kwa hatari. Mtoto wa D hakuna mtu anamdanganya. Mtoto wa A kila mtu anamdanganya, kuanzia shangazi mpaka mwenye saiba. Mimi nilikuwa mmoja wa hao waongo, na C yangu ya kawaida, sijawahi kuingia lango la chuo hata kuuza njugu.

Wacha nianze na aliyenifunza. Mwenye saiba tulimwita Mama Shiru. Mama mkubwa, sauti ndogo, miwani imefungwa na uzi. Siku ya kwanza aliniketisha akaniambia, "Nafula, fomu ni kama matanga. Asiyelia hapewi chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu yote.

Wakati huo kazi nyingi ilikuwa ya basari, ule msaada wa karo kwa wasiojiweza. Mzazi anakuja, fomu inauliza hali ya nyumbani, na Mama Shiru anajua kuandika hali ikalia yenyewe. Nyumba ya mawe inageuka ya mabati. Mama mwenye kibanda anakuwa hana kazi. Na baba, hata kama amesimama hapo mlangoni akichokonoa meno, anakufa. Tulikuwa na neno letu la kazi. Mama Shiru angeniuliza kutoka kwa meza yake, "Huyo wako, tunaua ama tunaacha?" Nami ningejibu, "Tunaua," bila kuinua macho. Kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama: yuko hai, amefariki. Kubonyeza mara moja tu. Cheti cha kifo wakiuliza, tutasema kilipotea wakati wa kuhama.

Mtauliza kama sikuona haya. Sikuona. Wa kwanza kuua alikuwa wangu mwenyewe. Baba wa msichana wangu, Imani, aliniambia anaenda Tuala kuona shamba na atarudi na unga. Mtoto alikuwa na miezi minne. Unga huo haujafika mpaka leo. Nilipompeleka Imani nasari nikapewa fomu, jina la baba, nikaandika "marehemu" kwa kalamu ya kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nilisikia raha, siwadanganyi. Kwa hivyo kuua baba za wengine haikuwa kazi ngumu. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Si ati siku zote zilikuwa za machozi. Kuna kijana aliyefungua imeli akaiita "sukari ya Kite", yaani ya Kitengela, halafu akashangaa kwa nini chuo hakimjibu. Nilimfungulia nyingine yenye majina yake mawili, akanuna kama nimemnyang'anya kiatu. Tafadhali, imeli iwe na jina lako kama lilivyo kwa cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Mwingine alipewa intavyu ya simu, imeandikwa kwa Kiingereza "3:00 p.m." Yeye akasoma saa tatu. Akaja saa tatu asubuhi amevaa suti ya mjomba, tai imefika kwa magoti. Nikamwambia, "Brathe, hiyo ni saa tisa." Akaketi masaa sita kwa benchi, akakataa kunywa hata maji ati asije akabanwa katikati ya swali. Huyo alibahatika kwa sababu alikosea kwa kuwahi. Nimeona waliokosea kwa kuchelewa, na hao hawakurudi kunichekesha.

Sasa, ile kazi ambayo watu walinijia mpaka kutoka Kajiado mjini ilikuwa kupima. Mwanafunzi anakuja na matokeo yake, namwangalia, nasoma fomu haraka haraka, nainua vidole. Vidole vitatu kati ya kumi, vidole saba kati ya kumi. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kupata. Waliniamini kuliko daktari. Mama mmoja alilia kwa furaha kwa sababu ya vidole vyangu, na mtoto wake hakupata kitu.

Wacha niwaambie vile ningepima leo, maana ile ya zamani ilikuwa kupima kama dalali anavyopima ng'ombe, kwa jicho na kwa mdomo.

A yako ni tiketi ya kuingia uwanjani, bado si goli. Wote walioko uwanjani wako na A. Kabla hujajiuliza kama unatosha, soma yule anayetoa anatafuta nani. Kuna fomu inatafuta mwenye shida, na kuna fomu inatafuta mwenye kitu. Hizi ni fomu mbili tofauti hata kama zinafanana sura. Ya mwenye shida inauliza umekosa nini. Ya mwenye kitu, ile wanaita ya sifa, inauliza umefanya nini ambacho hakuna mtu alikutuma. Ukipeleka machozi kwa ya pili, umekuja harusini na nguo za matanga. Watakuonea huruma, kisha watamchukua mwingine.

Barua ya mwalimu pia inapima. Usikimbilie mwalimu mkuu kwa sababu ako na muhuri mkubwa. Atasoma jina lako kwa rejista aandike una nidhamu. Tafuta yule aliyekuona umeanguka hesabu ukarudi tena kesho. Na usiweke roho yote kwa skolashipu moja inayochukua watu watano nchi nzima. Omba hiyo, ndiyo, lakini omba na nyingine ndogo ambayo hata mwaka jana mtu wa shule yako alipata. Halafu soma mpaka mwisho imelipia nini. Kuna mtoto alipata karo bila chakula wala kitanda, tukasherehekea na soda, na mwezi wa pili akarudi nyumbani.

Haya yote ningemwambia Naserian. Hilo si jina lake, lakini nataka mumwite hivyo.

Alikuja Januari moja, matokeo yakiwa bado moto. A safi, hesabu na fizikia amezoa alama zote. Mrefu, mwembamba, anaongea akiangalia mikono yake. Nyumbani kwao ni mbele ya Kajiado, upande wa barabara ya Namanga, lakini baada ya mtihani alikuwa anakaa na shangazi yake hapa Kitengela akimsaidia kuuza maziwa. Skolashipu aliyotaka ilikuwa ya chuo cha ng'ambo, kila kitu kimelipwa. Ya sifa. Iliandikwa hivyo juu kabisa kwa herufi nene, na mimi nikaipita kama mtu anavyopita kibao cha "usikojoe hapa".

Alikuwa ameandika insha yake tayari, kwa kitabu cha mazoezi. Swali lilikuwa: tuambie jambo ulilolitatua. Naserian aliandika juu ya kamba.

Baba yake huuza ng'ombe soko la Kajiado. Hasomi. Madalali walikuwa wakimwangalia ng'ombe kwa jicho wanamwambia kilo chache, na mzee hana la kujibu. Basi huyu msichana, akiwa kidato cha pili, alipata kwa kitabu cha kilimo kwamba ukizungusha kipimo kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele, unaweza kukadiria uzito wake. Akachukua kamba, akaifunga mafundo, kila fundo na uzito wake. Akamfunza baba yake kuyahesabu kwa kidole gumba. Likizo mbili walipima ng'ombe pamoja, wanapeleka kwa mizani, wanarudi wanasogeza mafundo mpaka kamba ikaacha kudanganya. Sasa mzee akiingia sokoni na hiyo kamba, madalali wanasema, "Ole wetu, mwalimu amekuja."

Nilisoma yote. Nilicheka hata. Kisha nikafunga kitabu.

"Hii ni hadithi ya ng'ombe," nikamwambia. "Wazungu hawatoi skolashipu kwa ng'ombe. Unakaa na shangazi, sindio?"

"Ndio, Madam."

"Basi wewe ni yatima. Ukilia, vidole vinane. Ukienda na ng'ombe, viwili."

Nikaweka alama pale kwa baba. Amefariki.

Msichana akaangalia kioo cha kompyuta. Akasema, "Lakini Madam, baba yuko. Leo ako sokoni."

Mama Shiru akacheka kutoka kwa meza yake. "Wote wako sokoni, mrembo."

Na mimi nikamwuliza swali ambalo ningependa mtu aning'oe nalo ulimi. Nikamwambia, "Unataka baba ama unataka chuo?"

Akaangalia mikono yake. Mteja akaja kutoa kopi, nikamhudumia, nikarudi. Kisha akasema, polepole sana, "Chuo."

Nikabonyeza. Insha nikamwandikia mimi mwenyewe, aya tano za mtoto aliyeachwa na baba aliye kaburini. Nilikuwa fundi wa hayo, nilikuwa na hasira ya kutosha.

Alipita mchujo wa kwanza, labda kwa hiyo A yake na barua ya mwalimu wa hesabu. Tukashangilia. Halafu, kabla ya kuchagua wa mwisho, wenye skolashipu wakatuma watu wawili watembelee nyumbani. Sikuwa najua wanatembelea. Ilikuwa imeandikwa kwa fomu, ukurasa wa mwisho, ule ambao sikuwa nasoma.

Yaliyotokea nilielezwa na Naserian mwenyewe. Alikuwa amerudi nyumbani wiki hiyo. Wageni walifika, mwanamume na mwanamke, wakamkuta mzee mlangoni. Wakamwuliza kama yeye ndiye mjomba wa yule msichana yatima.

"Yatima gani?" mzee akauliza. "Hapa hakuna yatima. Karibuni chai."

Yule mama mgeni akatoa karatasi. Mzee akaichukua, akaigeuza, akamwita Naserian. "Soma," akamwambia. "Wewe ndiye macho yangu."

Akasoma. Mbele ya mama yake, mbele ya wadogo zake, mbele ya hao wageni wenye vikombe mkononi. Jina la baba. Hali: marehemu. Kwao jina la mtu aliyekufa halitajwi ovyo, linakwepwa kama mahali palipoungua. Naye alikuwa amelisoma kwa sauti, mwenye jina akiwa amesimama hapo na fimbo yake.

Mzee hakupiga kelele. Aliwaambia wageni wamalize chai.

Walipokuwa wanatoka, yule mwanamume aliona kamba imening'inia kwa msumari, akauliza ni ya nini. Mzee, kwa adabu tu, akaitoa, akaita ng'ombe mmoja, akampima, akahesabu mafundo. Akasema, "Hii alinitengenezea huyu." Mgeni akashika kamba muda mrefu. Akamgeukia Naserian akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukuandika hii?"

Barua ilikuja kwa imeli, pale pale saiba, baada ya siku chache. Fomu imefungwa kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli. Hawezi kuomba kwao tena. Mistari mitatu.

Nilimwonyesha Mama Shiru. Akasema, "Pole yake. Bahati mbaya, hawa wengine huwa hawatembelei." Akarudi kwa kazi yake. Nikaangalia meza yangu, kulikuwa na mtoto mwingine ameketi, amejaa matumaini, anangoja vidole. Niliweka funguo kwa droo nikatoka. Sijarudi. Watu husema niliacha kwa hasira. Ndiyo. Mpaka leo ninayo. Nina hasira na Mama Shiru, nina hasira na kila kamati iliyotufunza kwamba mtoto wa hapa hasaidiwi mpaka alie, na usiku na mchana nina hasira na huu mkono wangu.

Lakini kulikuwa na jambo bado. Naserian aliponipigia kunieleza, hakulilia chuo. Alisema, "Madam, baba hanishiki kichwa."

Kwa Wamaasai mtoto akimsalimia mzee huinamisha kichwa, na mzee huweka mkono juu. Yeye alikuwa akiinama kila asubuhi, na baba anamjibu kwa mdomo tu, mikono iko kwa fimbo.

Nikaenda Kajiado siku ya soko. Nikamkuta mzee kati ya ng'ombe, kamba shingoni kama skafu.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Kimaasai changu kinaishia hapo. "Mzee, mimi ni Nafula wa ile saiba ya Kitengela. Mimi ndiye niliandika fomu."

Aliniangalia kutoka kwa viatu kwenda juu. "Kumbe ni wewe. Nimekuwa nikiuliza aliyenizika. Ulinizika wapi?"

Dalali mmoja akaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Na ng'ombe wangu uligawia nani?"

"Mzee, pole. Pole sana."

"Pole ni ya wafiwa," akasema. "Mimi ndiye maiti."

Akazungusha kamba kwa kifua cha fahali mmoja mwekundu, akaanza kuhesabu mafundo kwa kidole gumba.

"Wewe sikujui," akasema, bado anahesabu. "Mtu nisiyemjua anaweza kuniua, ni sawa. Ndivyo watu huuawa. Lakini yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameketi kando yangu."

"Akasema nini?"

Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba sitadanganya tena mtu yeyote. Nikafungua mdomo.

"Alisema, 'Lakini Madam, baba yuko.'"

Kidole kikasimama kwa fundo. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. 'Baba yuko. Leo ako sokoni.'"

"Halafu?"

"Halafu mimi nikabonyeza."

Akarudi mwanzo wa kamba akaanza kuhesabu upya, kama mtu aliyepotelewa na hesabu. Fahali akatulia. Sikuambiwa niende wala nikae, basi nikaenda.

Wiki iliyofuata Naserian alinipigia akilia mpaka maneno yakawa hayatoki. Baba alikuwa amemshika kichwa. Alikuwa ameuacha mkono pale kwa muda. Nikamwambia nashukuru Mungu.

"Madam, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulivyosema."

Akaacha kulia. Kisha, "Yote?"

Nikamwambia kuna mteja wa maharagwe, nikakata simu. Hakukuwa na mteja.

Sasa hivi Naserian anafundisha hesabu shule ndogo ya kutwa huko kwao, bila cheti cha ualimu. Ameomba skolashipu nyingine mbili, na kamba ndani, na baba yuko hai. Moja ilikataa. Nyingine bado. Ile kubwa haitarudi. Msiniulize vidole vingapi, mimi vidole nimeviweka kwa maharagwe.

Juzi Imani alileta fomu kutoka shuleni. Jina la baba. Hali. Nilikaa nayo mpaka ugali ukaungua, kisha nikaandika: yuko hai. Iliniuma kuliko siku aliyoondoka. Imani akasoma begani mwangu, huyo husoma kila kitu, akauliza, "Mama, yuko?" Nikamwambia, "Yuko. Hajui kurudi, lakini yuko." Sijui kama nilijibu vizuri. Hakuna meza ya kupimia hayo.

Nyinyi mnaongoja matokeo, someni ukurasa wa mwisho wa fomu. Andikeni kamba yenu. Mkifika kwa fundi wa machozi kama mimi, simameni mwende.

Na kuna mmoja zaidi namwandikia. Mzee hasomi. Karatasi hii ikifika kwao, najua atamwita binti yake amwambie soma, wewe ndiye macho yangu. Naserian, utafika mahali nimeandika neno lako la pili siku ile ya fomu, lile ambalo sikulipeleka sokoni. Unaweza kulisoma. Unaweza kuliruka. Hiyo nafasi sitakujazia mimi.